Koki ya Nguzo ya Saba

"Kimya, jibu," redio ilinong'ona.

"Nipo."

"Lori la walanguzi limeingia getini. Una dakika tano."

Jasusi Kimya alilala kifudifudi kando ya wavu wa chuma, bastola ya Beretta mkononi. Chini ya wavu, ghalani, palikuwa na magunia sitini ya baruti, walanguzi wanne, na mama yake mzazi, mateka wao, aliyefungwa mnyororo mguuni.

Saa nne asubuhi. Nuru ilishuka kutoka kwenye paa lenye meno kama msumeno. Miaka tisini iliyopita waashi wa kinu hiki cha nguo walielekeza vioo vyote upande usio na jua, nyuzi za pamba zisiungue.

"Nipige?"

"Thubutu. Cheche moja, na shule ya jirani inaondoka na kinu. Watoto mia sita wako darasani."

"Kikosi?"

"Nusu saa."

Mama alimwona. Midomo yake ikacheza bila sauti. Ndivyo walivyoongea wafumaji wa kinu hiki, maana mashine zilinguruma mpaka masikio yakaziba. Kimya aliijua lugha hiyo kabla ya kujua kusoma.

"Bibi anasali," mlanguzi mmoja akacheka. "Tuombee na sisi, bibi."

"Nguzo ya saba ina uwazi ndani," midomo ilisema. "Tangi la maji la mnarani linashukia humo mpaka ghalani. Wajenzi waliogopa moto wa vumbi la pamba. Fungua koki, baruti iwe uji."

Koki ilikuwa kando ya bega la Kimya.

"Utazama, mama," akajibu kwa midomo.

"Miaka thelathini nimemeza vumbi humu. Leo acha ninywe maji. Fungua, mwanangu. Wale ni watoto wa watu."

Akafungua.

Nguzo ilinguruma. Maji yakaangukia ghalani kwa kishindo. Walanguzi walipanda ngazi wakikohoa, mmoja mmoja, na kila mmoja akakutana na mtutu, kisha pingu. Dereva wa lori alikuwa ameshatimua mbio.

"Ufunguo wa mnyororo," Kimya akamwambia wa mwisho.

"Umeniponyoka majini, mkubwa. Haki ya Mungu."

Kimya alizamia mara tatu. Mara ya tatu alipata mkono.

Haukumshika.

"Kimya, jibu. Hali?"

"Baruti imekwisha. Wanne wamekamatwa. Mfumaji mmoja amefariki."

"Pole. Kinu kimeharibika?"

"Kimejaa maji."

"Basi hasara si kubwa. Kinavunjwa mwezi ujao."

Kimya alizima redio. Akafunga vifungo vya koti lililolowa, akawapita wenzake waliokuwa wakiwasili, akashika njia kwa miguu, bila haraka.