Kombaini Katikati ya Daraja

Saa kumi na mbili asubuhi. Chumba cha nyuma, baa ya Gorman.

Gorman alilaza kisu mezani. "Hili daraja. Zee, jembamba, malori mawili yakipishana vioo vinagusana. Lori la dawa ya magugu likishalipa ushuru wa daraja upande wa Iowa, mimi na Dell tunaingia nyuma yake na pikapu. Wewe mkulima unaingia na kombaini yako ya kuvunia mahindi kutoka huku Nebraska. Mama wa ushuru akiona kombaini imejaza daraja zima, anafanya nini?"

"Anafunga njia," Lyle alisema. "Hapitishi hata baiskeli."

"Basi lori limebanwa. Tunahamisha maboksi, dawa ghali hiyo, tunarudi kinyumenyume, kwisha."

Dell alikuwa anatafuna kucha. Miaka ishirini na mitatu, na alikuwa amemwibia Gorman bastola mbili akaziuza. Gorman alimpa njia moja ya kuishi: kazi hii. Lyle hakuwa jambazi. Alikuja kwa sababu Dell ni mdogo wa mkewe, Nadine, na Nadine alimshika mkono akamwambia, nirudishie mdogo wangu. Hilo tu ndilo lililomleta.

"Shemeji," Dell alinong'ona, "tukimaliza hii naacha."

"Utaacha. Kunywa kahawa."

Saa tatu kasoro. Darajani.

Mbao za pembeni zilitetemeka kombaini ilipopanda. Chini, Mto Missouri ulikuwa mpana, wa rangi ya tope. Lori likaja mbele, likasimama pua kwa pua na kombaini. Lyle akazima injini. Alimwona Gorman akimshusha dereva wa lori na kumlaza kifudifudi, na Dell akibeba boksi la kwanza. Mambo yalikwenda sawa mno.

Ndipo alipoangalia kwenye kioo.

Nyuma yake foleni ilikuwa imejaa, na watu walikuwa wanashuka. Walikuja kwa miguu, wamebeba spana, nyundo, jeki. Lyle alijilaani. Amezaliwa pale, na bado alisahau. Kombaini ikisimama Oktoba, mwezi wa mavuno, hakuna jirani anayekaa garini.

Redio ya mkononi aliyopewa na Gorman ikakoroma. "Mkulima. Warudishe hao."

Lyle akafungua mlango. "Haina shida! Nendeni tu, inawaka sasa hivi!"

Wakaongeza mwendo. Nani katika nchi ile amewahi kukubali msaada kwa mara ya kwanza? Kukataa ndiko kuomba kwenyewe.

Mbele yao alikuwa Mzee Elmer Hoefling, kofia yake ya kampuni ya mbegu imefifia. Mwaka baba yake Lyle alipolazwa, mzee huyu ndiye aliyevuna shamba lao lote.

"Mkanda, au mafuta?" mzee aliuliza, huku tayari anapenya kati ya tairi na vyuma vya daraja.

"Rudi, Mzee Elmer. Tafadhali."

"Acha aibu, kijana. Hebu niangalie mbele."

Gorman alikuwa amesimama mbele, kando ya lori, bunduki imeinuka, akisubiri kichwa cha kwanza kitakachotokeza. Dell alisimama kati yake na kombaini, boksi mikononi. Lyle akinyamaza, mzee anakufa. Akisema, Dell anabaki mikononi mwa Gorman.

"Tunaiba, mzee!" alipiga kelele. "Ana bunduki. Lala chini!"

Mzee akalala. Gorman akageuza mtutu kwa Lyle.

Dell akamrushia Gorman boksi usoni. Bunduki ikalia. Dell akaketi taratibu, kama mtu aliyechoka kazi ya shamba. Gorman akakimbilia pikapu, lakini kwa pupa akashika mlango wa upande uliobanwa na vyuma vya daraja, haufunguki. Wakulima sita wakamkuta anauvuta, wakamwangusha.

Saa nne. Polisi walikuwa wameshamfunika Dell shuka mpaka usoni.

"Bado una mahindi shambani?" Mzee Hoefling aliuliza.

Lyle, pingu mkononi, alitikisa kichwa kukubali.

"Tutakuvunia Jumamosi. Na Nadine nitamwambia mimi."

Hilo lilimuuma Lyle kuliko pingu. "Hapana, mzee. Hili langu."

Polisi akapiga kwa simu ya Lyle mwenyewe, akamshikia sikioni. Nadine alipokea haraka.

"Afadhali umepiga. Nimepika supu ya nyama," alisema. "Mpe Dell simu, nataka kumsikia."