Kwa Nini Mkwe Wangu Analia?

Cherehani ya Mama Mashuka ilikaa karibu na dirisha. Hapo alishona mashuka na foronya tangu mwanawe yuko shule. Watu wa mtaa ndio waliompa jina hilo, naye akalizoea. Ukimwita kwa jina lake la kuzaliwa, hageuki.

Asubuhi moja alikuwa anapinda ukingo wa shuka. Chumba cha pili, mtoto akaanza kulia. Mama Mashuka akasubiri. Mtoto akazidisha. Mama Mashuka akatoa mguu kwenye cherehani, akatega sikio.

"Mwanangu!" alimwita mkwe wake, yaani mke wa mwanawe. "Mtoto analia!"

Mtoto akaendelea kulia.

Akainuka, akaenda kuangalia. Alimkuta mkwe ameketi kitandani. Mikono ameilaza mapajani. Mtoto yuko kando yake, amekunja ngumi, anapiga kelele za kutoboa bati. Mkwe alikuwa anautazama ukuta.

"Humsikii?"

"Namsikia, mama."

"Sasa?"

Mkwe akamgeukia mtoto polepole, kama mtu aliyeonyeshwa kitu asichokijua. Kisha machozi yakaanza kumtiririka. Hakuyafuta.

Mama Mashuka akamchukua mjukuu, akambembeleza. Mtoto alikuwa mnene kweli, ndiyo maana nyumbani walimwita Kibonge. Alizaliwa salama miezi miwili iliyopita. Ananyonya vizuri. Baba yake ni fundi umeme, mtu mpole, hanywi, hapigi. Paa halivuji. Chakula kipo.

"Sasa huyu analia nini?" Mama Mashuka alijiuliza. Alijikuna kichwa mpaka kilemba kikamlegea.

Maana msichana huyu hakuwa hivi. Kabla ya kuzaa aliuza viatu dukani, na maneno alikuwa nayo. Mteja aliyeingia kuuliza bei tu alitoka amevaa. Siku hizi ukimsemesha anakujibu neno moja, na hilo moja lazima ulivute kwa kamba. Nywele hachani. Akipika, anaunguza. Ajabu zaidi, hata mtoto akilala, yeye halali. Analala chali, macho wazi.

Jioni mwanawe aliporudi kazini, Mama Mashuka alimvutia jikoni.

"Umemfanya nini mkeo?"

Mwanawe akashangaa. "Mimi? Mama, mimi nilidhani wewe ndiye umemfanya kitu."

Wakatazamana. Hakuna aliyeelewa kichwa wala miguu.

Mama Mashuka akajaribu njia zake. Kwanza alimlisha. Mkwe akala vijiko viwili, akasukuma sahani. Kisha akamgombeza. "Mimi nimezaa watoto wanne," alimwambia. "Sikupata hata nafasi ya kulia. Jikaze! Shukuru Mungu, wenzako wanatafuta mtoto hawapati!" Mkwe akaitikia, "Ndiyo, mama," akalia zaidi. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua foronya akanong'ona kwamba msichana amerogwa. Mama Mashuka alimfukuza, lakini neno lilimbaki kichwani, likawa linamsumbua kama mbu. Amerogwa? Mvivu? Anadeka? Au hampendi mtoto? Kila jibu alilolishika lilimponyoka.

Siku iliyofuata mambo yaliharibika. Ilikuwa mchana, jua kali. Mkwe alitoka chumbani na Kibonge mikononi. Alimweka mtoto kwenye mapaja ya Mama Mashuka, juu ya shuka lililokuwa linashonwa.

"Mama, mchukue," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Kwako atakuwa salama. Mimi ni mama mbaya. Afadhali nisiwepo."

"Maneno gani hayo? Unakwenda wapi?"

"Sijui."

Akaelekea mlangoni. Hakuvaa hata viatu, yeye aliyekuwa muuza viatu. Mama Mashuka alitaka kucheka, akidhani ni mzaha. Kicheko kikagoma. Alitaka kuinuka, lakini mtoto yuko mapajani na sindano mkononi.

Mlango ukafunguliwa kutoka nje. Alikuwa jirani yao, Msusi, mwenye saluni ya pale kona. Nyuma yake alikuwepo mwanamke wa makamo, mrefu, na kikapu cha matunda.

"Hodi tumepiga mpaka tumechoka!" alisema Msusi. Kisha akamwona mkwe, miguu mitupu, uso umelowa. Akamshika mkono taratibu, kama mtu anayemshika mgonjwa. "Dada yangu, kaa nami kidogo."

Mama Mashuka alijua Msusi ni mwenyekiti wa klabu ya wanawake ya mtaa. Walikutana kila Jumamosi katika chumba cha nyuma ya saluni. Mama Mashuka hakuwahi kukanyaga huko. Alidhani ni mahali pa kupiga soga na kula keki. Kumbe wanawake wale walifundisha ushonaji wasichana walioacha shule. Waliwapeleka kliniki wajawazito wasio na mtu wa kuwasindikiza. Na kila nyumba yenye mtoto mchanga, walikwenda kumwona mama.

"Kumwona mtoto," Mama Mashuka alisahihisha alipoelezwa.

"Hapana," alisema yule mwanamke mrefu. "Mtoto anaonwa na kila mtu. Sisi tunakuja kumwona mama."

Mwanamke huyo alikuwa muuguzi. Hakumsogelea mtoto kabisa. Aliketi chini, sakafuni, karibu na mkwe.

"Unalala?" alimwuliza.

"Hapana."

"Hata mtoto akilala?"

"Hapana. Nasikiliza kama anapumua."

"Kuna kitu kinachokufurahisha siku hizi?"

Mkwe alifikiri. Akatikisa kichwa.

Muuguzi akauliza, kwa sauti ileile ya upole, "Je, umewahi kufikiria kujiua?"

"We mama!" Mama Mashuka aliruka. "Unamtia mawazo mabaya! Swali gani hilo la kumwuliza mtu nyumbani kwake?"

Muuguzi hakukasirika. "Mama, swali halimtii mtu mawazo. Kama hayapo, atasema hayapo. Kama yapo, atapata mtu wa kumwambia."

Wote wakamtazama mkwe.

"Ndiyo," alisema. "Leo."

Mama Mashuka alimkumbatia Kibonge kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Leo? Pale mlangoni? Yeye alikuwa anataka kucheka!

"Na mtoto, umewahi kufikiria kumdhuru?" muuguzi aliuliza.

"Hapana! Ndiyo maana nimempa mama. Naogopa nitamharibia maisha."

"Asante kwa kuniambia," alisema muuguzi. "Umefanya jambo gumu. Wewe si mama mbaya. Wewe ni mgonjwa, na ugonjwa huu unatibika."

"Mgonjwa?" Mama Mashuka alidakia. "Hana homa. Hakohoi. Anaumwa wapi?"

"Anaumwa moyoni na akilini, mama. Unaitwa sonona ya baada ya kujifungua. Wanawake wengi hulialia siku chache baada ya kuzaa, kisha hupoa. Lakini huzuni ikipita wiki mbili, mama hana hamu ya kitu, hali, halali, anajilaumu, basi hiyo si ya kusubiri ipoe. Ni ya kupelekwa kliniki. Na akitaja kufa, anapelekwa siku hiyohiyo."

"Basi si uvivu?"

"Si uvivu."

"Wala si uchawi?"

"Wala si uchawi. Na si kwamba hampendi mtoto. Mwili umetoka kwenye kazi kubwa, umebadilika, umekosa usingizi. Anaweza kuupata tajiri, maskini, mwenye mtoto wa kwanza au wa tano."

"Lakini mimi nimezaa wanne, sikulia!"

Muuguzi akamtazama. "Hukulia, au hukuonekana?"

Swali likamrudisha nyuma. Alipozaa mtoto wa tatu kulikuwa na miezi ambayo haikumbuki vizuri. Alikumbuka tu akiosha nepi ileile mara nyingi, bila kujua kwa nini. Hakuwahi kumwambia mtu. Aliyaacha mawazo hayo yapite, maana mambo ya siku hiyo yalikuwa yamemshinda tayari.

Walikwenda kliniki mchana huohuo, wote wanne na Kibonge. Mwanawe aliwakuta huko, bado ana bisibisi mfukoni. Daktari alizungumza na mkwe peke yake, kisha akawaita. Alieleza kwamba mkwe atakuja kila wiki kuzungumza na mshauri. Pia atampa dawa, na akachagua ile ambayo mama anaweza kuitumia huku ananyonyesha. "Asiiache bila kuniambia, hata akijisikia nafuu," alisema. "Na kwa sasa, asiachwe peke yake."

"Dawa itamponya lini?" aliuliza mwanawe.

"Itachukua wiki kadhaa. Itabidi muwe wavumilivu."

"Na sisi tufanye nini?"

"Apate usingizi. Msikilizeni. Msimwambie ajikaze."

Mama Mashuka akainamisha kichwa.

Klabu ikaingia kazini. Mmoja alikuja kufua. Mwingine alikaa na mkwe, wakati mwingine bila kusema neno. Msusi alikuja kumchana nywele, na alipomaliza alikunywa chai na kuondoka bila kumwuliza, "Umepona?" Mwanawe alishika zamu ya mtoto akirudi kazini. Mara ya kwanza alimfunga nepi mbele nyuma, ikaanguka njiani kama suruali isiyo na mkanda.

Mama Mashuka ndiye aliyepata shida. Ulimi wake ulikuwa umezoea. "Jika..." alianza siku moja, akajiuma. Akavuta pumzi. "Niambie, mwanangu. Leo moyoni kukoje?"

"Kuzito, mama."

Alitamani kutoa dawa, shauri, hadithi, chochote. Akakumbuka maneno ya daktari. "Haya," alisema. "Niko hapa." Akaketi. Kukaa tu bila kufanya kitu kulimchosha kuliko kushona mashuka kumi.

Na bado hakuelewa. Ijumaa mkwe alikula akamaliza sahani, akatabasamu. Mama Mashuka akataka kumpigia kila mtu simu. Jumamosi mkwe alilia tangu asubuhi. Mama Mashuka alimwacha na mwanamke mmoja wa klabu, akakimbia saluni, roho mkononi.

"Amerudi nyuma! Dawa imekataa!"

"Haijakataa," muuguzi alimtuliza. Alikuwa pale akifundisha wasichana. "Nafuu yake haipandi moja kwa moja. Leo juu, kesho chini. Angalia mwezi, usiangalie siku. Ila akitaja kufa tena, au akianza kusikia sauti ambazo nyinyi hamzisikii, msinisubiri mimi. Mkimbizeni hospitali."

Mama Mashuka akageuka aondoke. Wasichana watatu walikuwa wameinamia cherehani moja, wanavuta kitambaa kwa nguvu. Uzi umekatika. Hakuweza kuvumilia. "Usikivute! Kiache kitembee chenyewe," alisema, akavuta kiti. Tangu siku hiyo akawa anafundisha kila Jumamosi. Keki aliyoitarajia, hata hivyo, hakuiona.

Wiki zikapita. Mkwe akaanza kulala. Akaanza kumwogesha Kibonge mwenyewe. Siku moja Mama Mashuka alisikia sauti chumbani, akadhani redio. Alikuwa mkwe, anamsimulia mtoto kisa cha mteja mwenye miguu mikubwa aliyeng'ang'ania kiatu kidogo.

Kisha ikaja asubuhi ya joto. Mama Mashuka alimchukua mjukuu, akamvika sweta, kofia na soksi, akamfunika shuka juu.

"Mama!" Mkwe alitoka jikoni, mwiko mkononi. "Unamchemsha mtoto? Si nilikwambia jana asivalishwe sweta? Angalia jasho hilo! Lete hapa. Na kofia hiyo nimeshakataa!"

Akamnyakua mtoto, akamvua kila kitu huku analalamika, neno juu ya neno, bila kupumua.

Mama Mashuka alitoka nje polepole. Msusi alikuwa anafagia mbele ya saluni.

"Vipi, dada?" aliuliza kwa wasiwasi. "Mbona machozi?"

"Nimegombezwa," alisema Mama Mashuka. "Ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Kuanzia kofia mpaka soksi."

"Loo, pole sana."

"Pole ya nini?" Mama Mashuka alifuta macho kwa ncha ya kilemba, anacheka. "Nipe hongera!"