Ndala Zilizosogezwa

Uliona, ukageuza uso. Ndiyo, nakuambia wewe unayesoma. Mtu alipitishwa mbele ya foleni, wewe ukajifanya unafunga kamba za viatu. Basi leo usome hadi mwisho.

Likizo ile, shule iliwapeleka viranja katika ofisi za halmashauri wakajifunze uongozi. Kiranja mkuu, msichana aliyeapa kuwa mkurugenzi siku moja, alipewa kusimamia foleni ya vyeti vya kuzaliwa. Wenzake walimwita Mheshimiwa, na jina hilo lilikuwa limeshamlevya.

Nje jua lilichoma, kwa hiyo watu walikuwa na utaratibu wao. Kila mmoja alivua ndala moja, akaiacha mstarini, akaenda kujibanza kivulini. Mtu mmoja akihudumiwa, kiranja anasogeza ndala zote mbele. Hakuna aliyegusa ya mwenzake.

Shangazi yake kiranja mkuu akateremka garini, manukato kwanza, yeye baadaye.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, mimi nikae foleni na hawa? Nina haraka bwana!"

"Lakini shangazi..."

"Lakini nini? Hiyo sare umevalishwa na nani?"

Kiranja akatazama huku na huku. Kwa ncha ya kiatu akaisukuma mtaroni ndala ya bluu iliyokuwa mbele kabisa, akampitisha shangazi. Shangazi alikuja na makaratasi ya ukoo mzima. Karani wa dirishani alipomaliza kumhudumia, akashusha pazia.

"Muda umekwisha. Njooni kesho."

Mama muuza mkaa, mwenye ndala ya bluu, akatokea mbio nyuma ya jengo alikokuwa akinyonyesha.

"Kesho? Leo ndiyo mwisho wa kuandikisha watoto mtihani! Bila cheti mwanangu mkubwa hafanyi! Na ndala yangu nani kaitupa?"

Wote waliokuwa kivulini waliona. Wote wakaanza kukagua kucha zao.

"Si umuulize Mheshimiwa," akadakia kiranja mwenzake. "Kaanza upendeleo hata shule hajamaliza."

"Funga mdomo wako!"

"Nifunge mimi, au ufungue wewe?"

Shangazi akapiga honi: twende. Msichana hakwenda. Aligonga mlango wa afisa tawala, mama asiyejua kucheka.

"Shikamoo, mama. Nimemnyang'anya mtu zamu, nikampa shangazi yangu. Naomba dirisha lifunguliwe."

"Unaninong'oneza nini? Kaseme mbele yao."

Akasema. Wakamzomea, na alistahili. Shangazi akaondoka bila kuaga. Karani akanung'unika, pazia likapanda, na mama muuza mkaa akatoka na cheti mkononi. Hakumtazama msichana hata kidogo.

"Sikiliza, binti," akasema afisa. "Kumpitisha ndugu yako hakuhitaji akili. Kiongozi analinda zamu ya mtu ambaye hayupo kujitetea. Kama ndala imekushinda, ofisi utaiweza?" Kisha akawageukia wa kivulini. "Na nyinyi mlionyamaza, mlisukuma naye."

Sasa wewe. Shuleni kwenu kuna anayepitishwa mbele kila siku, bombani, maktabani, hata kwenye timu, na unamjua. Funga kitabu. Simama. Mwambie arudi nyuma, kwa sauti, wote wasikie. Usingoje mwalimu. Nenda sasa hivi!