Salamu za Samaki

Kila asubuhi mama yake Spika alirudi nyumbani wakati watu wengine wakienda kazini. Alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku. Alivua viatu mlangoni, akanawa mikono kwa muda mrefu kama mtu anayetaka kuibadilisha, akanywa chai akiwa amesimama, kisha akasema maneno yaleyale ya jana na juzi.

"Nalala, mama. Usiniamshe ila nyumba ikiungua."

Pazia likafungwa, na nyumba nzima ikawa mali ya Spika mpaka alasiri. Ilikuwa mali isiyo na faida. Hakuruhusiwa kuwasha redio, kuburuta kiti, wala kupiga chafya kwa ule ufundi wake wa kawaida.

Jina la Spika alipewa bwenini, kwa sababu taa zikizimwa yeye ndiye aliyebaki akitangaza. Shule ya bweni ilikuwa imemlea vizuri. Alijua kulala katikati ya wasichana wanaokoroma kwa sauti tofauti, kuamka kwa kengele, na kumtilia matroni chura wa plastiki ndani ya ndala. Jambo moja tu hakufundishwa, nalo ni kukaa peke yake. Katikati ya muhula mama alihamishiwa mji huu, na likizo ndefu ilipofika, Spika akashushwa kwenye mtaa ambamo hakumjua hata paka. Baba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Sauti yake ilifika kwa simu, na mara nyingi ilikatika kabla ya salamu kwisha.

Mwanzoni Spika alikaa getini akisubiri kuulizwa jina. Ng'ambo ya barabara watoto waliruka kamba, wakiongozwa na msichana mrefu ambaye Spika, kwa kutojua jina lake, alimwita Kamba. Walimtazama. Naye akawatazama. Mazungumzo yakaishia hapo.

Ndipo akafanya alichokijua. Shuleni, ukitaka watu, unafanya kituko, nao wanakuja mbio. Alitafuta kipande cha ubao, akaandika kwa rangi nyekundu: HATARI! NDANI KUNA MAMBA MKALI. Akautundika getini, akajibanza nyuma ya ukuta kusubiri kicheko na mtu wa kugonga.

Hakugonga mtu. Watoto walisoma, wakanong'onezana, wakahamishia kamba yao mbele, karibu na duka. Muuza maziwa alianza kuacha chupa nje ya geti na kuondoka haraka.

Hali ilipofikia hapo, kikao cha dharura kilifanyika uani. Kilihudhuriwa na mtu mmoja, nacho kikaazimia kwa kauli moja kufuga samaki.

Wazo lenyewe halikuwa kituko. Mwalimu wa kilimo aliwahi kuwaonyesha bustani isiyo na udongo. Samaki wanakaa kwenye tangi. Pampu ndogo inayasukuma maji yao machafu hadi kwenye kitanda cha kokoto kilicho juu. Mboga zilizopandwa kwenye kokoto zinakula uchafu huo, na maji yanawarudia samaki yakiwa safi.

"Sawa," alisema mama. "Lakini kiwe kitu cha kweli. Siyo kama huyo mamba wako."

"Kumbe umeuona ubao?"

"Siku hizi naingia nyumbani kwangu kwa hofu. Uutoe."

"Nitautoa," alisema Spika, na hakuutoa.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko ilivyoonekana shuleni. Alisugua tangi la zamani lililoachwa na wapangaji waliotangulia. Juu ya matofali aliweka hodhi bovu la kuogea, akalitoboa upande, akaosha kokoto beseni baada ya beseni hadi vidole vikakunjamana kama vya bibi kizee. Mpira wa maji ulivuja. Akaukaza kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Ukavuja tena; akauongezea maneno makali, ya chinichini, kwa heshima ya mtu aliyelala. Akapanda miche michache ya mboga kwenye kokoto. Hatimaye alipochomeka pampu aliyonunuliwa na mama, maji yalipanda, yakazunguka kwenye kokoto, yakaanguka tena ndani ya tangi kwa mlio mtamu.

Spika akaruka juu. Aligeuka kumwonyesha mtu. Nyuma yake kulikuwa na kamba ya kuanikia nguo na taulo moja.

Siku ya mapumziko ya mama walikwenda kwa mfugaji wa perege, mwanamke mwenye buti za mpira na sauti ya kuita watu kutoka mbali.

"Maji ya tangi lako yana muda gani tangu yaanze kuzunguka?" aliuliza.

"Tangu jana."

Mfugaji alicheka. "Hayo maji bado mabichi, binti. Kwenye kokoto kuna vijidudu visivyoonekana, ndivyo vinavyogeuza uchafu wa samaki kuwa chakula cha mboga. Vinahitaji wiki kadhaa kuzaliana. Kama huwezi kusubiri, chukua vifaranga wachache sana. Chakula uwape kwa ncha za vidole, wakimaliza basi. Na maji ya bomba usiwamwagie moja kwa moja, yana dawa ya kuua vijidudu. Yalaze kwanza kwenye pipa lililo wazi."

Spika aliitikia kwa kichwa kila neno, kwa uso uleule aliowaonyesha viranja. Kisha mama alipigiwa simu ya wodini na kusogea pembeni.

"Nipe ndoo nzima," alisema Spika upesi.

"Nzima? Wewe nimekwambia nini sasa hivi?"

"Nimezoea watu wengi."

Mfugaji alimwangalia kidogo, akatikisa kichwa, akampa nusu ndoo. Hata hiyo nusu ilikuwa nyingi.

Shule mpya ikafunguliwa uani. Perege mkubwa kuliko wote aliteuliwa Kiranja Mkuu. Mnene aliitwa Matroni. Mmoja aliyependa kugonga ukuta wa tangi kwa pua akawa Mgonga Kengele. Wengine wote walikuwa darasa la chini na hawakuwa na haki ya kusema. Kila asubuhi, pazia la mama likishafungwa, Spika alifanya gwaride, akaita majina, akatoa matangazo kwa sauti ya kunong'ona, na mwisho akarusha chakula. Samaki walipanda juu wote kwa pamoja.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, maana kupandishiwa na samaki wote kwa pamoja ni jambo tamu sana kwa mtu asiyeulizwa jina. Akarusha tena. Alirusha baada ya chai, na kila alipopita uani. Watoto walipocheka kule dukani, akasikia kicheko bila kujua wanachekea nini, alikwenda kwenye tangi na kurusha kiganja kizima. Samaki waliposhiba na kuzama, chembe zilibaki zikielea, kisha zikashuka chini na kutulia huko.

Maji yakawa na rangi ya maji ya kuoshea mchele. Yakaanza kunuka kidogo. Lakini Spika hakuhangaika, kwa sababu samaki sasa walikuwa wakifanya jambo jipya. Hata kabla hajarusha chochote walikuwa tayari juu, vinywa wazi, wakifungua na kufunga, wakifungua na kufunga.

"Shikamoo nimeipokea," aliwaambia. "Marahaba, wanangu."

Alileta kigoda, akakaa nao hadi jioni. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu ahamie mji ule.

Asubuhi iliyofuata alishtuliwa na ukimya. Pampu haikuwa ikivuma. Alipoitoa, akaikuta imezibwa na uji wa chakula kilichooza. Matroni alikuwa akielea ubavu. Wengine walikuwa juu, vinywa wazi, na Spika, kwa kuchanganyikiwa, akarusha chakula. Hakuna aliyekigusa.

Alilitazama pazia la mama. Nyumba haikuwa ikiungua. Akalikimbilia pipa la maji yaliyolazwa, akakuta yamebaki ya kulowanisha kikombe. Aliyatumia yote kuongezea tangini siku za mwanzo na hakujaza tena. Bomba lilikuwa na maji, lakini yale yenye dawa.

Akatoka getini kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akavuka barabara hadi karibu na duka, akasimama mbele ya kamba iliyokuwa ikizunguka.

"Nyumbani kwenu mna pipa la maji ya tangu jana?"

Kamba ilisimama. Yule msichana mrefu akamtazama kuanzia ndala hadi nywele. "Lipo. Ya kumnywesha mamba?"

"Hakuna mamba."

"Hata mamba angesema hivyo," alisema mdogo mmoja, akijificha nyuma ya wenzake.

Wote wakacheka. Spika naye alitaka kucheka, na jibu zuri la kuchekesha lilikuwa limeshafika mdomoni. Akalimeza.

"Niliandika uongo," alisema. "Nilidhani mtakuja kuniuliza. Nilitaka tu mtu agonge. Nina samaki, wanakufa, na ndoo siwezi peke yangu."

Hakuna aliyecheka. Msichana mrefu alikunja kamba yake, akaitundika begani.

"Sisi tulidhani unatufukuza," alisema. "Haya, ndoo ziko wapi?"

Spika aling'oa ubao alipopita getini. Muda si mrefu ua ulijaa miguu, maji na amri zinazopingana. Mmoja alianguka na ndoo. Mwingine akauliza kwa sauti kubwa kama perege wanang'ata. Pazia likafunguliwa.

Mama alisimama mlangoni, shuka begani, alama ya mto shavuni. Alifungua kinywa kugomba, kisha akaliona tangi. Akaja, akainama, akatazama vile vinywa kwa utulivu, kama alivyotazama wagonjwa.

"Wako hivi tangu lini?"

"Tangu jana. Nilidhani wananisalimia."

"Hawakusalimii, mama. Wanatafuta pumzi. Maji haya hayana hewa." Akakunja shuka kiunoni. "Chakula kisimame kabisa. Toeni nusu ya maji haya, yamwageni kwenye tuta la mchicha kule nyuma ya nyumba. Yale mapya mwageni kutoka juu, polepole, yabebe hewa. Wewe mrefu, panda kigoda. Wewe, safisha pampu."

Walifanya kazi hadi nguo zikalowa. Wengine walikufa, wakiwemo Matroni na karibu darasa zima la chini, na Spika aliwafukia kando ya ukuta bila hotuba yoyote. Lakini kabla ya jua kupinda, Kiranja Mkuu alifunga kinywa chake, akapiga mkia, akashuka chini ya tangi. Mgonga Kengele akamfuata. Wakaanza kuzunguka huko chini na mambo yao, bila hata kumwangalia mtu.

"Wamekasirika?" aliuliza Spika.

"Wamepona," alisema mama. "Samaki mzima ana shughuli zake."

Watoto walipokwenda kula, Spika na mama walibaki ukingoni mwa tangi. Mama alipaswa kuwa amelala zamani. Alikaa kwenye kigoda, akamvuta Spika karibu.

"Wodini kuna wagonjwa wanaobonyeza kengele usiku kucha," alisema. "Wanaomba maji, na hawana kiu. Ukiwapa maji tu ukaondoka, watabonyeza tena. Wewe uliwalisha samaki kwa sababu ya njaa yako, siyo yao. Kupenda kitu ni kutazama kinahitaji nini, siyo kukipa unachokihitaji wewe. Na ukihitaji watu, waambie kwa mdomo, kwa maneno ya kweli. Kituko huwa hakieleweki."

Spika alifuta pua kwa mkono. "Ulisema nisikuamshe ila nyumba ikiungua."

Mama aliyatazama maji yanavyoanguka.

"Ilikuwa inaungua, mwanangu. Mimi ndiye niliyelala. Siku nyingine uniamshe."

Kesho yake, mama aliporudi kutoka kazini, aliukuta ubao getini tena. Ulikuwa umegeuzwa, na upande wa pili, kwa rangi ileile nyekundu, uliandikwa neno moja: GONGA. Akanawa mikono, akanywa chai, safari hii ameketi.

Uani Spika alichukua chakula kwa ncha za vidole, akarusha. Samaki waliobaki walipanda, wakala, wakashuka. Alitamani kurusha tena. Mkono ulikuwa umeshaingia koponi. Akautoa, akafunga kifuniko, akakaa kimya akisikiliza maji.

Huko getini, kwa mbali kidogo, mtu akagonga.