Ndiyo Mbili za Linnea

Kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na nusu jioni, Linnea Voss alibadilisha nguo ndani ya gari. Alianza na soksi ndefu, akafuata vikinga vya ugoko, kisha njumu. Biskuti zilizopakwa siagi ya karanga alizipakata mapajani, na mama yake, Corinne, alipunguza mwendo kwenye kona ili zisianguke. Walipofika kiwanja cha klabu ya Fourmile, pembezoni mwa mji wa Ankeny, alikuwa amekwisha kula na kuvaa. Kilichobaki kilikuwa kufunga nywele tu.

Jumanne hiyo ya mwisho wa Mei, kando ya kiwanja kuliwekwa meza. Kila msichana alipewa namba ya karatasi, akabandikwa mgongoni kwa pini, hata wale waliochezea Fourmile tangu wakiwa na miaka saba. Ilikuwa wiki ya majaribio. Wiki hiyo, kila mwaka, timu zote za wasichana huvunjwa na kuundwa upya, wala hakuna mwenye nafasi ya kudumu. Linnea, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alipata namba 41. Rafiki yake Paige Oyler, aliyeishi nyumba ya pili kutoka kwa mama yake Linnea, alipata 42.

“Wakitukosea watakuandikia sifa zangu,” Paige alimwambia, akigeuza mgongo abandikwe. “Wewe pokea tu, usiulize.”

Kesho yake Linnea alikwenda kwenye majaribio mengine, ya klabu ya Capital, mjini Des Moines. Huko alipelekwa na baba yake, Wade. Wazazi wake walikuwa wameachana miaka mitatu nyuma, na yeye aliishi wiki moja kwa mama, wiki moja kwa baba, akihama kila Ijumaa baada ya shule. Wazazi hawakugombana. Waliandikiana ujumbe mfupi kuhusu saa ya kumchukua mtoto, na basi.

Klabu hizo mbili zilicheza ligi tofauti, na hapo ndipo kichwa cha Linnea kilipoanza kuzunguka. Fourmile walikuwa Ligi ya Kati. Mechi zao zilikuwa za kwenda na kurudi kwa gari, na mchezaji aliruhusiwa kuchezea timu ya shule pia. Capital walikuwa Ligi ya Taifa. Walisafiri hadi Chicago na Minneapolis, na hawakumruhusu mchezaji yeyote kuchezea shule yake.

Ipi ilikuwa bora? Linnea aliwasikiliza wazazi waliokaa kwenye viti vya kukunja kando ya kiwanja. Baba mmoja alisema nje ya Ligi ya Taifa hakuna mpira, maana huko ndiko makocha wa vyuo vikuu wanakokwenda kutazama. Mwenzake aliyekaa kiti cha pili akasema ligi hiyo ilishapoteza thamani tangu mwaka jana. Mama mmoja alieleza kwamba binti yake mkubwa alichukuliwa na chuo kikuu kutoka Ligi ya Kati, tena akiwa beki wa akiba. Wa nne alikuwa na habari za uhakika kwamba ligi zote mbili zingeunganishwa, kwa hiyo mjadala wote huo ulikuwa kazi bure. Kila mmoja aliongea kama mtu aliyefanya utafiti. Linnea alirudi nyumbani akijua kidogo kuliko alivyokuwa akijua alipotoka.

Jumatano jioni Kocha Deb Rasmussen wa Fourmile alipiga simu. Linnea alikuwa amechaguliwa, na jibu lilitakiwa kabla ya saa mbili usiku wa Alhamisi. Saa ishirini na nne, ndivyo klabu zote zilivyofanya. Lakini Kocha Deb alikuwa na sharti lake jingine: hakupokea jibu la mzazi. Mchezaji alipaswa kupiga simu mwenyewe na kusema ndiyo au hapana kwa kinywa chake. Capital nao walikuwa wamesema wangetoa majibu Ijumaa.

Alhamisi, saa mbili kasorobo, Mama aliweka simu juu ya meza ya jikoni, akatoka kwenda kumwagilia miche ya nyanya nyuma ya nyumba. Hakutaka kumshawishi. Lakini Linnea alimwona kupitia dirishani, amesimama na mpira wa maji mkononi, akiumwagilia mche uleule mmoja kwa muda mrefu.

Alipiga. Kocha Deb akauliza, “Haya, Linnea. Ndiyo au hapana?”

Linnea alitamani kuwe na neno la tatu. “Ndiyo, Kocha,” akasema.

Mama alimkumbatia kwa furaha mpaka mikono yake ikamlowesha mgongo.

Ijumaa alihamia kwa baba yake. Jioni Baba alikuwa nje akichoma soseji ujumbe wa Capital ulipoingia kwenye simu yake. Ulikuwa na kisanduku cha kubonyeza, kukubali au kukataa. Baba alifuta mikono kwenye aproni, akausoma mara mbili, kisha akamgeuzia simu ili naye aone. Hakujua lolote kuhusu simu ya Alhamisi. Linnea alikuwa amepanga kumweleza, ila tangu shuleni hakuona pa kuanzia.

“Haya, bosi,” Baba alisema, akijaribu kuficha meno. “Tunakubali, au tunawaringia kidogo?”

Linnea alimtazama usoni. Akasema ndiyo. Baba akabonyeza. Soseji ziliungua upande mmoja, na walizila hivyohivyo. Linnea alijiambia kwamba kesho angelinyoosha jambo hilo. Hakujua angelinyoosha vipi, lakini kesho ilionekana kuwa na nafasi ya kutosha.

Kesho yake, kabla ya saa sita mchana, Paige alimpigia simu. Fourmile walichukua wachezaji kumi na sita, na yeye alikuwa wa kumi na saba, wa kwanza kwenye orodha ya kungoja. Klabu nyingine, ya mji wa Ames, ilikuwa imempa nafasi katika timu yake ya pili. Alitakiwa kujibu kabla ya saa kumi na mbili jioni ya Jumapili.

“Kocha Deb kasema mtu mmoja tu akijitoa, naingia,” Paige alisema. “Lakini nani ajitoe Fourmile? Labda agongwe na mpira kichwani.” Alingoja kicheko, hakukisikia. “Mbona umenyamaza?”

“Natafuna,” Linnea akajibu. Hakuwa na kitu kinywani.

Siku nzima alizunguka ndani ya nyumba. Alichukua karatasi, akaandika sababu za kwenda Fourmile upande mmoja na za Capital upande wa pili. Sababu zililingana. Akaongeza moja huku, akaona haya, akaongeza moja kule. Aliwaza kumpigia Kocha Deb na kujitoa, kisha akaona uso wa Mama. Akawaza kumwambia Baba awaandikie Capital, na uso wa Baba nao ukaja.

Jumapili baada ya chakula cha mchana Baba aliikuta karatasi chini ya kochi. Aliisoma akiwa amesimama.

“Nilidhani hili tulilimaliza Ijumaa,” akasema.

Ndipo Linnea akasema yote: simu ya Alhamisi, kisanduku cha Ijumaa, Paige na saa kumi na mbili. Alieleza bila mpangilio, ya mwisho yakitangulia ya kwanza, na Baba alimwacha mpaka akaishiwa. Hakumfokea. Alikaa kwenye mkono wa kochi, akauliza kama Mama alijua. Aliposikia hapana, alimpigia Mama papo hapo. Walizungumza robo saa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu Linnea kuwasikia wakizungumza kitu kisichokuwa saa ya kumchukua.

Saa kumi alasiri wote watatu walikuwa kwenye kiwanja cha Fourmile. Kocha Deb alikuwa peke yake, akisukuma mashine ya rangi, anachora upya mistari kwa ajili ya mashindano ya wiki iliyofuata. Alipowaona wazazi wote wawili pamoja, alizima mashine.

Linnea alirudia habari yake, safari hii kwa mpangilio. Kocha Deb alisikiliza huku akikwangua rangi iliyokauka kwenye kidole.

“Kwa hiyo unataka nini?” akauliza.

“Paige apate nafasi.”

“Sijakuuliza Paige anataka nini. Huyo najua. Ukijitoa kwa kumwonea huruma, utanichukia mimi na yeye kabla ya Septemba. Wewe unataka kucheza wapi?”

Linnea aliwatazama wazazi wake. Baba alijishughulisha na funguo za gari. Mama alitazama magoli.

“Capital,” alisema kwa sauti ndogo. “Si kwa sababu ya vyuo. Wala Chicago. Kule nilipotoa pasi, mpira ulirudi kabla sijajiandaa. Kila mara. Nilichoka, lakini nilipenda.” Kisha akamgeukia Mama, na macho yalikuwa yamejaa. “Lakini nikienda huko ni kama nimemchagua Baba.”

Mama alimsogelea, akamshika mabega. “Linnea, hiyo ni ligi ya mpira. Mimi ni mama yako. Hakuna ligi inayonishusha daraja.”

Baba alicheka kidogo, akaacha. Alisema na yeye ana kosa. Alikuwa ameonyesha furaha mapema mno hata mtoto akakosa pa kusemea. Mama akasema kama ni hivyo, hata yeye nusura auozeshe mche wa nyanya.

Kocha Deb alitoa daftari lake dogo mfukoni, akafuta jina moja, akaandika jingine. Kisha alipiga simu nyumbani kwa akina Oyler. Ilikuwa saa kumi na nusu.

“Nafasi yake nimempa mimi,” alimwambia Linnea baada ya kukata simu. “Lakini kwamba ulikuwa na nafasi mbili tangu Ijumaa ukanyamaza, hilo ni lako. Sitalisema kwa niaba yako. Anakuja.”

Paige alifika kwa baiskeli baada ya dakika kumi, kofia ya kinga imekaa upande, anacheka mwenyewe. Alimkumbatia Kocha Deb, akamkumbatia Linnea, akauliza ni nani huyo aliyegongwa na mpira kichwani.

“Ni mimi,” Linnea alisema. Akamwambia.

Kicheko cha Paige kilipungua taratibu. “Tangu Ijumaa?”

“Tangu Ijumaa.”

“Jana nimelia mpaka mdogo wangu akaniletea midoli yake.” Paige alikunja uso. “Na leo asubuhi Mama alikuwa ameshika simu awajibu Ames. Alikuwa ameshaishika, Linnea.”

“Najua. Samahani.”

“Nimefurahi kuingia,” Paige akasema. “Ila wewe leo sitaki kukuona.” Alipanda baiskeli yake, akaondoka. Hakwenda kasi, na hakugeuka nyuma.

Wazazi walisogea kwenye magari. Linnea alibaki amesimama kando ya mstari mbichi. Kocha Deb alichukua kamba ya kunyooshea mistari, akaanza kuikunjua.

“Kosa lako la kwanza halikuwa kusema ndiyo mbili,” alisema. “Alhamisi hukujua unataka nini. Hilo si kosa. Watu wazima wenye viti vyao pale nao hawajui, ila wao wanaongea kwa sauti kubwa. Kosa ni kwamba hukujua, ukajifanya unajua, ili mimi nifurahi, na mama yako afurahi, na baba yako. Ukweli wako siku ile ulikuwa ‘Kocha, sijui.’ Ungeniambia hivyo, ningekupa siku mbili zaidi, na Paige asingelia. Mimi nami huwa nauliza ndiyo au hapana tu. Mwakani nitauliza vizuri zaidi. Lakini wewe, mtu akikuuliza jambo ambalo hulijui, mwambie hujui. Halafu nenda kalitafute, urudi na jibu kwa wakati. Huo ndio uaminifu, hata kama hakuna anayepiga makofi.”

Linnea aliitikia kwa kichwa. Alitazama barabara ambayo Paige alipitia.

“Unadhani atakusamehe?” Kocha Deb akauliza.

Linnea alitaka kusema ndiyo, kwa kuwa ndilo jibu ambalo kila mtu angependa kulisikia. Akafikiri.

“Sijui, Kocha.”

“Vizuri,” alisema Kocha Deb, akamkabidhi ncha ya kamba. “Nenda nayo mpaka kwenye kona kule, uivute inyooke.”