Nilitia Saini Breki za Ndege ya Jeshi Bila Kuzijaribu

Nina umri wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Tanga, na hapa Johannesburg nimeishi miaka kumi na mitatu. Wengi wetu huja kufungua maduka. Mimi nilikuja na cheti cha ufundi wa ndege, nikafanya kazi miaka sita katika karakana moja kule Midrand. Leo hii getini pake siruhusiwi hata kusimama...

Anayestahili kuchukiwa katika mkasa huu ni mwanamke aitwaye Furaha. Wa pili ni mimi.

Furaha ni Mkongo wa Bukavu, amenizidi miaka kumi. Ndiye aliyeniombea kazi. Nilipougua homa ya mapafu alilala sebuleni kwangu, mtaa wa Mayfair, wiki nzima, akinipikia uji na kunikanda mgongo. Kwa Kiswahili chao nilimwita yaya, yaani dada mkubwa. Kwetu yaya ni mlezi wa watoto, tukacheka sana! Nilimwamini kuliko ndugu wa damu. Mjinga mimi!

Tulikuwa tunaunda ndege ya kubebea mizigo ya jeshi, ya kutua kwenye viwanja vifupi vya milimani. Huko juu hewa ni nyepesi. Injini zinakosa nguvu, mabawa hayapati cha kushika, kwa hiyo ndege lazima ikimbie kasi zaidi ardhini ndipo iruke. Ikibidi isimame ghafla kabla ya kuruka, kasi yote hiyo inamezwa na breki.

Furaha alikuwa mkuu wa kitengo cha breki. Mimi nilikuwa mjaribuji wake. Nazungusha gurudumu kwenye mtambo, nalifunga breki ghafla, napima joto.

Tulipojaribu kwa mzigo kamili, diski za breki ziliiva zikawa nyekundu kama makaa, na tairi likashika moto. Niliandika ripoti siku hiyohiyo: ndege isipelekwe mlimani mpaka zifungwe diski nene, nazo zijaribiwe.

Wiki mbili baadaye Furaha alinijia mezani na karatasi.

"Mdogo wangu, wanajeshi wanataka kuiona ikiruka mlimani Jumatatu. Diski nene zimekwisha fungwa. Tia saini kwamba umezijaribu."

"Lakini sijazijaribu, yaya. Mtambo uko kwenye matengenezo."

"Tutazijaribu ndege ikirudi. Ama unataka waseme sisi wageni hatuwezi kazi? Unajua wanavyotutazama hapa."

Nilijua. Nani kati yetu hajui? Nikachukua kalamu...

Kisha kuna Sipho. Huyu alikuwa fundi anayesafiri na ndege, kijana wa Soweto mwenye maneno mengi, aliyezoea kutuletea magwinya, maandazi ya huku, ya moto kila Ijumaa. Asubuhi ya safari alinifuata, kofia mkononi.

"Sista, breki ziko sawa? Maana anayepanda ni mimi, si wewe."

"Ziko sharp, Sipho," nilimjibu. Nilimtazama machoni nikasema hivyo!

Mchana wa Jumatatu simu ikalia pale karakanani, kutoka mlimani. Injini moja ilikuwa imepoteza nguvu wakati ndege ikikimbilia kuruka, rubani akafunga breki. Ndege ilisimama ukingoni mwa uwanja, moto ukiwaka magurudumuni. Marubani walikuwa bado ndani. Sipho aliruka chini na mtungi wa kuzimia moto, akasogea kuwaokoa wenzake, na gurudumu likapasuka mbele yake.

Aliishi. Mkono wake wa kulia ulikatwa juu ya kiwiko.

Wachunguzi walipofungua breki walikuta diski zilezile za zamani! Hakuna diski nene iliyowahi kufungwa. Nilimgeukia Furaha mbele yao wote, nikingoja aseme neno. Alitoa kitambaa akafuta machozi.

"Nimemlea kama mdogo wangu," aliwaambia, "kumbe ananiletea karatasi za uongo."

Ripoti yangu ya kwanza? Ilikuwa imefutwa kwenye kompyuta. Iliyobaki ni ile karatasi ya Furaha, na saini yangu chini yake. Ningelia kwa nani? Niliapa nitamchukia mpaka kaburini, na kiapo hicho sijakivunja.

Lakini nami nilikuwa na uongo wangu. Wachunguzi waliniuliza kama kuna yeyote aliyeniuliza kuhusu breki kabla ya safari. Nilisema hakuna.

Nilikwenda Soweto kumwona Sipho, nimebeba kapu la matunda. Mama yake alinifungulia. Sipho alikuwa kwenye kochi, mkono wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga!

"Nilikuuliza," alisema. "Ungeniambia hujui, nisingepanda."

Nikaanza kumtaja Furaha, jinsi alivyonidanganya... Akanikatiza: "Huyo sikumuuliza. Nilikuuliza wewe."

Mama yake akalinyakua kapu, akalitupa uani, machungwa yakaviringika hadi barabarani. "Phuma!" alinifukuza. "Phuma kwangu!" Nilitoka mbio huku majirani wakinizomea.

Asubuhi yake nilirudi kwa wachunguzi, nikaeleza swali la Sipho na jibu langu. Nilinyang'anywa leseni ya ufundi. Furaha bado yuko kazini, na juzi nimesikia amepandishwa cheo. Alinipigia simu kuniomba tusameheane kwa kuwa sisi ni wageni nchi ya watu. Nilimwambia asinitaje tena kinywani mwake.

Msinionee huruma, ndugu zangu. Nawaomba jambo moja tu. Ukiletewa karatasi inayosema umefanya usichofanya, ikatae, hata kama anayeileta ndiye aliyekuuguza. Mtu akikuuliza jambo ambalo maisha yake yanalitegemea, nawe hujui, mwambie sijui. Ni neno dogo, wala halina aibu!

Kwa maana kuna jambo ambalo wachunguzi hawakuniuliza, na ndilo linalonitafuna. Siku ile nilipotia saini, ndege ilikuwa imeegeshwa nyuma ya mlango wangu, hatua arobaini hivi. Ningeinama chini yake na tochi, ningeziona zile diski nyembamba kwa macho yangu.

Sikuinuka kwenye kiti.