Choo cha Mgeni Rasmi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Timiro alikula anjera yake yote, ule mkate laini wa Kisomali, maana njaa haina haya. Chai ya maziwa ya ngamia aliionja tu, kisha akaisukuma kando. Mama yake, Sirad, aliyeuza maziwa sokoni Garissa, alimjazia chupa ya maji na kumwambia, "Unywe yote. Jua la leo si la mchezo."

"Haye, Hooyo," Timiro alijibu. Haye ni sawa, na Hooyo ni mama, kwa Kisomali, na kwao mtaa wa Bulla Geelle hakuna mtoto aliyemwita mama yake vinginevyo.

Alipofika karibu na lango la shule, alifungua chupa na kuyamwaga maji yote chini ya mwarobaini. Rafiki yake Idman alimwaga yake pia. Wasichana wengi walifanya hivyo, na mti ule ulinawiri kuliko miti yote ya mtaa huku waliounywesha wakikauka midomo. Maji ya Garissa, yanayokokotwa na punda kutoka mtoni, yanamwagwa mchangani na mtoto mwenye kiu! Ukiona jambo kama hilo, usiulize mtoto ana nini. Uliza shule yake ina nini.

Shule ilikuwa na choo. Kukieleza kunatia kichefuchefu, lakini nitakieleza, kwa sababu watoto walilazimika kukiingia huku wakubwa wakipita mbali na kuziba pua. Shimo lilikuwa limejaa hadi juu. Funza walitambaa sakafuni, na nzi walikuwa wengi kiasi kwamba hukuthubutu kufungua mdomo. Mlango ulikuwa umeng'oka bawaba, hivyo rafiki alisimama nje akiushikilia kwa mikono miwili, na wavulana wasio na haya walipita wakirusha vijiwe na kucheka. Maji hayakuwepo, sabuni ndiyo kabisa. Msichana aliyekuwa katika hedhi alibaki nyumbani. Timiro alikuwa ameapa kwamba hataingia mle tena, na njia pekee aliyoiona ya kutimiza kiapo chake ilikuwa kutokunywa kitu mpaka arudi nyumbani jioni.

Sasa sikiliza kinachoudhi zaidi. Ng'ambo ya uwanja, mbele ya macho ya shule nzima, palikuwa na vyoo vipya vya wasichana. Vilijengwa na Kikundi cha Hooyo, chama cha akina mama waliojitolea kusaidia wasichana wa Garissa katika mambo ya afya na masomo. Mwingine alitoa mbuzi, mwingine mchanga, mwingine nguvu zake. Sirad mwenyewe alibeba mitungi ya maji ya kukorogea saruji mpaka mgongo ukamuuma. Vilikuwa na milango minne ya kijani, tangi la maji, bomba la kunawia, na chumba kidogo cha kubadilishia sodo. Kila kitu kilikuwa tayari, na kila mlango ulikuwa na kufuli. Utepe mwekundu ulizungushwa kutoka mlango wa kwanza hadi wa mwisho.

Aliyefunga ni mwalimu mkuu, Mwalimu Khalif. Hakuwa mwizi wala mtu katili. Alipenda sherehe, basi. Alitaka vyoo vifunguliwe na mheshimiwa mmoja mkubwa, mbele ya viti vilivyopangwa na hema lililopambwa. "Mkiviingia sasa, mheshimiwa atakuta matope," alisema kila alipoulizwa na wanafunzi. "Subirini. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Mheshimiwa alikuwa aje kabla ya mvua. Mvua ikanyesha, barabara ikakatika. Akawa aje baada ya mvua, akasafiri. Kisha akawa na harusi ya mpwa wake. Utepe ukapauka kwa jua, na wasichana wakaendelea kushikiliana mlango wa shimo lenye funza, wakiutazama ule ukuta safi, huku akina mama waliovijenga vyoo wakidhani vinatumika.

Siku moja akina mama wa Kikundi cha Hooyo walituma habari kwamba watakuja kuzungumza na wasichana kuhusu hedhi na usafi. Asubuhi hiyo Mwalimu Khalif aliwapanga wanafunzi uwanjani.

"Leo tuna wageni," alisema. "Wakiwauliza kuhusu vyoo, mseme ni vizuri na mnashukuru. Mgeni hatiwi aibu, sivyo?"

"Ndiyo, Mwalimu!" waliitikia.

Kisha, na hapa ndipo mimi hushindwa kuvumilia, alizifungua kufuli zote. Utepe ukakunjwa na kufichwa. Sabuni mpya ikawekwa penye bomba. Wageni walipofika, walikuta milango wazi na sakafu inayong'aa, wakafurahi kama watoto siku ya Idi.

Kiongozi wao alikuwa Eeddo Muslimo, mkunga wa zamani ambaye kila mtu pale mtaani alimwita eeddo, yaani shangazi. Alizungumza Kiswahili chake cha sokoni, kila v akiitamka f, wala hakujali nani anacheka. Baada ya mafunzo aliuliza, "Nani kiranja wa afya?"

Timiro akasimama.

"Haye, gabar, msichana yangu, niambie. Hii fyoo nafaa nyinyi? Natumia bila shida?"

Timiro aliutazama ukuta safi. Akamtazama Mwalimu Khalif, aliyekuwa akitabasamu kwa meno yote. Tumbo lake, chini kabisa, lilikuwa likimuuma tangu juzi.

"Vyoo ni vizuri sana, Eeddo," alisema. "Tunavitumia kila siku. Tunashukuru."

"Mashallah!" Akina mama wakapiga makofi. Waliondoka wakimwombea dua, na gari lao halijafika barabarani Mwalimu Khalif alikuwa amekwisha kuzirudisha kufuli na utepe. Sabuni ilirudi ofisini. Shimo linanuka, ndiyo, lakini linanuka kwa sababu limejaa, halina hila. Uongo kama ule wa siku ile unanuka kuliko shimo.

"Kwa nini hukumwambia?" Idman alinong'ona.

"Wewe ungemwambia?" Timiro alijibu kwa hasira.

Maumivu hayakujua kwamba wageni wameridhika. Yaliongezeka. Kila Timiro alipokwenda haja ndogo nyumbani, alisikia moto, akauma pindo la mtandio wake ili asilie. Hakumwambia mama yake. Alidhani ugonjwa wa sehemu hiyo ni fedheha, na fedheha humezwa kimya kimya. Mwishowe homa ilimpanda, akaanza kutapika, na Sirad, aliyekuwa akijiandaa kwenda sokoni, aliacha mitungi yake ya maziwa mlangoni akampeleka kituo cha afya kilicho karibu.

Muuguzi wa zamu aliitwa Fatumo. Alimpima joto, akamgusa kiunoni, Timiro akaruka kwa maumivu.

"Unakunywa maji ya kutosha?" Fatumo aliuliza.

"Nakunywa."

"Mpaka unamaliza chupa?"

"Namaliza."

Fatumo alimpa kikopo cha mkojo, naye Timiro akaenda kukijaza. Alipokirudisha, mkojo ulikuwa kidogo, umeiva rangi kama chai ya rangi, na ulikuwa na harufu kali. Fatumo aliutazama, akamtazama Timiro.

"Mdomo wako una adabu sana," alisema. "Mkojo hauna adabu hata kidogo, umesema yote. Hujanywa maji siku nyingi, tena unajizuia. Uchafu umekaa, umezaa maradhi katika njia ya mkojo, na sasa yanapanda kwenye figo. Figo zikiharibika si jambo la kucheza nalo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nani anakukataza kunywa?"

Timiro akalia. Kilio kile kilitoka na kila kitu: mwarobaini, funza, mlango uliong'oka, kufuli, utepe, na jibu alilompa Eeddo Muslimo. Sirad alisikiliza bila kumkatiza. Uso wake ulikuwa mgumu kama ngozi iliyoanikwa.

"Nilibeba maji kwa mgongo huu," alisema hatimaye, "ili mwanangu asikose pa kwenda. Kumbe nimemjengea mheshimiwa!"

Fatumo alimpa Timiro dawa na kumwamuru anywe maji hata kama hana kiu, na amalize dawa zote hata akijisikia amepona. Kwa siku chache Timiro alilala nyumbani. Mara mbili homa ilirudi, na Sirad hakwenda sokoni. Homa ilipotulia kabisa, alijitanda mtandio, akamchukua Timiro, akampitia Eeddo Muslimo na kumweleza yote, na wote watatu wakaelekea shuleni.

Mwalimu Khalif aliwapokea kwa bashasha. "Karibuni, karibuni! Eeddo, chai?"

"Chai baadaye," Eeddo Muslimo alisema. "Mimi nataka kwenda haja."

Mwalimu akachomoa funguo mfukoni haraka. "Njoo nikufungulie hivi vipya."

"Hapana. Mimi nataka ile ya watoto."

"Ile? Eeddo, ile haifai…"

"Haifai mimi, nafaa watoto?" Alikwisha kutangulia kuvuka uwanja, na wanafunzi waliokuwa mapumzikoni wakaanza kusogea. Alipofika kwenye mlango ulioegemezwa, alisimama. "Ingia wewe kwanza, Mwalimu. Angalia kama nyoka iko ndani."

Mbele ya shule nzima, Mwalimu Khalif angekataaje? Alivuta pumzi, akaingia. Mlango ukaanguka nyuma yake. Mara akatoka mbio, akashika ukuta na kutapika chai yake yote ya asubuhi. Nzi wawili walitembea juu ya kola ya shati lake jeupe. Mtu hafurahii kuona mwalimu akitapika, lakini sikudanganyi, nikisimulia hapa simhurumii.

Eeddo Muslimo alingoja amalize. Kisha akaacha Kiswahili chake na kusema kwa Kisomali, polepole, ili kila mtu aelewe.

"Umechungulia tu, na umetapika. Hawa wanachuchumaa humo. Halafu wanarudi darasani unawauliza kwa nini hawashiki masomo."

Mwalimu Khalif alijipangusa mdomo. "Nilitaka mheshimiwa avikute safi. Nilisema, mgeni njoo…"

"Mgeni hajaja, Mwalimu," Sirad alimkatiza, akimshika Timiro begani. "Na mwenyeji anakojoa akilia."

Hapo mwalimu mkuu alimtazama Timiro kwa mara ya kwanza. Aliona midomo iliyopasuka na macho yaliyoingia ndani. Alivuka uwanja, akazifungua kufuli moja baada ya nyingine na kumkabidhi Eeddo Muslimo zote, pamoja na funguo. Eeddo aliunyakua utepe mwekundu, akarudi kwenye choo cha zamani, akausimamisha mlango ulioanguka na kuufunga kwa mafundo matatu. Wasichana walishangilia mpaka walimu wote wakatoka nje.

"Nisameheni," Mwalimu Khalif aliwaambia. "Nilikosea, tena nikawafundisha kusema uongo. Ninyi ndio wenye vyoo hivi."

Zogo lilipopoa, Eeddo Muslimo aliketi na wasichana kivulini mwa tangi, akiendelea na Kisomali chake. Timiro alikuwa ameinamisha kichwa.

"Timiro, nilikuuliza swali siku ile."

"Mwalimu alituambia tusiwatie wageni aibu, Eeddo."

"Mwalimu ana kosa lake, na amelitapika mbele yetu. Mimi nataka lako."

Timiro akasema, "Nilikudanganya. Nilikuwa mgonjwa, na nikakudanganya."

"Sasa tuko pamoja." Eeddo alimwinua kidevu. "Adabu ni kumsalimia mkubwa, kumpisha, kumpa kiti. Kumdanganya kwamba unaishi vizuri wakati unaumia si adabu, abaayo, dada yangu mdogo. Mimi ningeondoka na furaha yangu ya bure, na wewe ungeondoka na figo zako. Mwili si aibu. Mkojo si aibu, hedhi si aibu. Aibu ni ile," akakielekezea kidole choo cha zamani, "na aibu ya namna hiyo haifunikwi, husemwa mpaka iondoke. Mficha uchi hazai."

Tangu siku hiyo Timiro alikunywa maji yake yote, na viti vya wasichana darasani havikubaki vitupu kila mwezi kama zamani. Shimo la zamani lilifukiwa. Mwalimu Khalif alisimama pale juani mpaka toroli la mwisho la mchanga likamwagwa.

Mheshimiwa alikuja baadaye sana, wakati hakuna aliyemngoja. Hakukuwa na hema wala utepe. Alikuta sakafu imelowa maji na alama za viatu vidogo, na msururu wa wasichana wakinawa mikono. Eeddo Muslimo naye alikuwepo. Mheshimiwa alitabasamu, akamwuliza kiranja wa afya kama wana neno la kumwambia.

Mwalimu Khalif alisogea kando, akampisha Timiro aseme.

"Vyoo vinatufaa, Mheshimiwa," Timiro alisema. "Lakini komeo la mlango wa tatu limekatika, tunashikiliana mlango tena. Na sabuni imeisha."

Walimu wakatazamana. Mheshimiwa alikohoa, asijue kama amesifiwa au amesutwa. Eeddo Muslimo alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mmemsikia?" aliwaambia wote kwa Kisomali. "Hiyo ndiyo asante. Siku ile nilipoambiwa kila kitu ni kizuri, sabuni ilikuwa mpya, haijaguswa na mkono wa mtoto hata mmoja. Leo naambiwa imeisha. Basi imetumika. Watoto wangu, anayewasaidia kwa moyo safi hamwogopi anayemwambia kilichoharibika. Mwambieni."

Mwalimu Khalif hakungoja kutumwa. Alikwenda ofisini mwenyewe, akarudi na sabuni mkono mmoja na nyundo mkono wa pili.